Moto, masi na kukata: somo la maneno katika kutafuta hitilafu za umeme

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tumezoea kukusanya data katika hadithi, methali na masimulizi ya wazee. Data za makala haya nimezipata kwingine: chini ya kiti cha mashine ya kukata majani, ile kubwa ambayo mtu anaipanda na kuiendesha kama trakta ndogo. Siku za Jumamosi na wakati wa likizo ninafanya kazi katika karakana ya baba yangu mdogo hapa Lubumbashi, na kazi hiyo ndiyo inayonilipia sehemu ya masomo. Mwanzoni mwa masika tuliharibu kifaa kimoja cha mteja kwa sababu ya neno moja. Aliyelifikisha neno hilo ni mimi.

Nina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi fundi anavyotafuta hitilafu ya umeme katika mashine hiyo, hatua kwa hatua, ili msomaji asiyejua umeme aweze kufuata. Ya pili ni kuonyesha jinsi lugha ya karakana inavyomsaidia fundi, na mahali inapomtega. Kabla ya kuuona mtego wenyewe, inafaa kuona kwanza jinsi lugha hiyo ilivyopangika vizuri.

1. Mashine na majina yake

Mashine yenyewe tunaiita tondeze. Majina ya sehemu zake karibu yote yametoka katika Kifaransa na kuvaa sauti zetu: batri, fizibli, kontakti (mahali pa kuingiza ufunguo), demarere (mota inayozungusha injini mpaka iwake), rele (swichi kubwa inayofungulia demarere njia ya umeme), buji na bobini. Waya huitwa nsinga. Mwili wa chuma wa mashine, ambao umeme huutumia kama njia ya kurudi kwenye ncha hasi ya batri, huitwa masi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majina ni ya kuazima lakini vitenzi ni vyetu. Fundi hatumii kitenzi cha Kifaransa kusema waya umefanya nini. Anasema umekatika, umelegea, umeungua, umegusa. Elimu ya hitilafu imekaa ndani ya vitenzi hivyo.

2. Vitenzi vinne, hitilafu nne

Nilipoandika sentensi nilizosikia karakanani kwa majuma kadhaa, niliona kwamba karibu kila hitilafu ya umeme iliingia chini ya kitenzi kimoja kati ya hivi vinne.

Kukatika. Njia imevunjika mahali fulani na umeme haupiti kabisa. Kiambishi -ik- ni cha hali: hakimtaji mtenda. Fundi akisema «nsinga imekatika» anatoa habari tu. Akisema «imekatwa», anatafuta mtu.

Kulegea. Njia ipo, lakini ni nyembamba. Kiungo hakikukazwa, au kimeota kutu nyeupe na kijani kwenye ncha ya batri. Umeme mdogo unapita, mkubwa unakwama. Hii ndiyo hitilafu inayodanganya kuliko zote, kama nitakavyoeleza.

Kugusa. Waya wenye umeme umepata njia ya mkato kwenda kwenye masi, mara nyingi kwa sababu ganda lake la plastiki limeliwa na mtikisiko. Fizibli huungua papo hapo, na ukiweka nyingine nayo huungua. Nyaya mbili zikikutana husemwa «zimegusana», kwa kauli ya kutendana.

Kuungua, na ndugu yake kufa. Hapa njia ni nzima lakini kifaa chenyewe kimeharibika: koili ya demarere, bobini, au chombo kinachotengeneza chaji.

Mwanafunzi wa karakana akijua kuvitenganisha vitenzi hivi vinne, tayari ana nusu ya ufundi, kwa sababu kila kimoja kina namna yake ya kupimwa. Kilichokatika kinatafutwa kwa kufuata njia. Kilicholegea kinapimwa wakati wa kazi, si wakati wa mapumziko. Kilichogusa kinatafutwa kwa kuchomoa matawi moja moja mpaka fizibli iache kuungua. Kilichoungua kinathibitishwa mwisho, baada ya njia zake zote kuonekana nzima.

3. Batri iliyochoka, iliyolala, iliyokufa

Mpangilio wa pili unahusu batri. Msikilizaji wa nje anaweza kudhani kwamba «imechoka», «imelala» na «imekufa» ni maneno ya mchezo tu. Nilichukua multimeta nikapima kila mara fundi alipotumia neno mojawapo. Maneno yalifuatana na tarakimu.

Batri ya tondeze ni ya volti 12, ina vyumba sita, na kila chumba chenye chaji kamili hutoa takriban volti 2.1. Kwa hiyo batri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma kati ya 12.0 na 12.4, fundi husema imechoka: itaweza kuwasha taa lakini inaweza kushindwa kuzungusha injini. Ikishuka chini ya 12.0 imelala, maana yake itaamka ikichajiwa. Batri nyingi hulala hapa kwetu kwa sababu ya kiangazi: majani hayaoti, mashine inakaa miezi mingi bila kuguswa, na batri inajimaliza polepole. Ikilala muda mrefu mno haiamki tena vizuri.

Imekufa ni neno jingine kabisa. Unaichaji usiku kucha, asubuhi inarudi palepale kwenye 10.5. Hesabu inajieleza: vyumba vitano mara 2.1 ni 10.5. Chumba kimoja kimekufa, na chaji haitakifufua. Kwa hiyo kati ya kulala na kufa kuna tofauti ya pesa: mteja wa kwanza analipa chaji, wa pili ananunua batri mpya. Fundi anayechanganya maneno haya mawili anamwibia mteja au anajiibia mwenyewe.

4. Njia ya kufuata

Kabla ya kugusa chochote, ufunguo unatolewa, breki ya kuegesha inavutwa, visu vinazimwa. Wakati wa kufungua batri, ncha hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa chuma isilete cheche. Hakuna kuvuta sigara karibu na batri inayochajiwa, kwa kuwa inatoa gesi inayolipuka.

Baada ya hapo fundi hauulizi ubongo wake, anaisikiliza mashine. Anageuza ufunguo, na jibu la mashine linamwonyesha pa kuanzia.

Mashine iko kimya kabisa. Umeme haufiki kwenye waya mwembamba unaoiamuru rele. Njia hiyo inatoka batri, inapita fizibli, kontakti, kisha swichi za usalama. Tondeze haikubali kuwashwa kama kanyagio la breki halijakanyagwa au visu vimewashwa. Katika mashine nyingi, kiti nacho kina swichi inayojua kama mtu amekaa. Fundi anaifuata njia hiyo kwa lampi ya kujaribu: balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, mmoja kwenye masi, mwingine unagusa kituo baada ya kituo. Pale inapoacha kuwaka, hitilafu iko kati ya kituo hicho na kile kilichotangulia. Njia ikiwa ndefu, anaanza katikati ili kuigawa mara mbili.

Inalia «ta» moja tu, halafu kimya. Amri imefika kwenye rele lakini nguvu haifiki kwenye demarere. Hapa ndipo kulegea kunapodanganya. Multimeta itasoma volti 12 kila mahali ukipima bila kazi, kwa sababu kifaa hicho kinakunywa umeme mdogo sana, na hata njia nyembamba inatosha. Ni lazima kupima wakati mtu mwingine anageuza ufunguo. Unaweka ncha moja ya multimeta kwenye ncha chanya ya batri na nyingine kwenye demarere: ikisoma zaidi ya nusu volti wakati wa kuzungusha, kuna kiungo kinachokula umeme njiani. Unafanya vilevile kati ya ncha hasi na mwili wa injini. Huko hata robo volti ni nyingi.

Inalia «ta-ta-ta-ta». Rele inashika na kuachia kwa haraka kwa sababu batri inaanguka kila inapopewa mzigo. Ni batri iliyochoka au ncha zenye kutu. Batri nzima haishuki chini ya takriban volti 9.6 wakati wa kuzungusha injini.

Inawaka, inafanya kazi, kesho yake batri imelala. Chaji hairudi. Injini ikienda kasi, batri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, tazama nyaya za chaji na kile chombo kinachougeuza umeme wa injini uwe wa mkondo mmoja.

Demarere inazungusha injini vizuri lakini injini haishiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili yetu.

5. Siku ya bobini

Jumamosi hiyo baba mdogo alikuwa ameenda kwa mteja mwingine upande wa pili wa mji. Karakanani tulibaki mimi na kijana anayejifunza kazi, ambaye ananiita Yaya. Amejifunzia kwenye magari, na kwa magari ni hodari kuliko mimi. Tondeze ilikuwa na petroli, demarere ilizunguka, buji haikutoa cheche. Nilimpigia baba mdogo simu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

«Mutoshe nsinga ya kontakti ku bobini, muone kama kuko moto.»

Msomaji wa Kiswahili sanifu akumbuke kwamba kwetu «kutosha» ni kuondoa. Hilo halikutusumbua, sisi sote ni wa hapa. Nilimgeukia kijana nikamrudilia: «Papa anasema utoshe nsinga, uone kama kuko moto.» Akaitoa, akagusisha lampi kwenye ule waya. Lampi haikuwaka.

«Yaya, hakuna moto.»

«Basi, ipatie moto,» nilisema.

Akachukua waya kutoka ncha chanya ya batri na kuugusisha kwenye bobini. Baada ya hapo buji haikutoa cheche tena, hata kwa njia yoyote.

Kilichotokea ni hiki. Katika gari, bobini inapewa volti 12 kupitia kontakti. Isipopewa, haifanyi kazi. Kijana alifanya kile ambacho gari lilimfundisha. Lakini injini ya tondeze haiko hivyo. Gurudumu zito la injini limebeba sumaku. Kila sumaku inapopita mbele ya bobini, bobini inazaa umeme wake yenyewe na kuutuma kwenye buji, bila kuiomba batri chochote. Waya mwembamba unaotoka bobini kwenda kontakti hauleti umeme. Kazi yake ni kuizima injini: ukigeuza ufunguo kwenye kuzima, kontakti inauunganisha waya huo na masi, umeme wa bobini unakimbilia kwenye masi, buji inabaki bila kitu. Swichi ya kiti nayo inafanya hivyo hivyo dereva akishuka huku visu vinazunguka. Ukiingiza volti 12 za batri kwenye waya huo upande wa bobini, unaiua.

Sasa tazama agizo la baba mdogo. Lilikuwa sahihi kabisa. Alitaka tuuondoe waya, tuzungushe demarere, na tuangalie moto kwenye buji, yaani cheche. Cheche ingerudi, tungejua kwamba bobini ni nzima na kwamba waya umegusa masi mahali fulani. Ndivyo ilivyokuwa: alipofunga bobini nyingine, alikuta ganda la waya limeliwa chini ya kiti na shaba inagusa chuma. Kijana alikuwa ameshautoa ule waya. Alibakiza kugeuza ufunguo tu.

Neno «moto» lilibeba maana tatu katika mazungumzo ya dakika moja. Kwa baba mdogo lilikuwa cheche ya buji. Kwa kijana lilikuwa volti 12 zinazongoja ndani ya waya, kama katika «nsinga ya moto». Kwangu, niliyesimama katikati na simu, halikuwa na maana yoyote iliyo wazi, nilipitisha sauti. Darasani tunaiita hali hiyo uwingi wa maana, na tunasema muktadha huondoa utata. Hapa muktadha wa gari ulikuwa umeondoa utata kwa upande usiofaa.

Neno la pili lilitusukuma zaidi. Kuzima injini tunaita «kukata kontakti», na waya ule tunauita wa kukata moto. Kukata ni kutenganisha. Anayesikia «kukata» anadhani kwamba injini inayofanya kazi ina waya uliounganishwa, na injini iliyozimwa ina waya uliotenganishwa. Katika tondeze ni kinyume: injini inaishi waya ukiwa huru, inakufa waya ukiunganishwa na masi. Ndiyo maana mtu akiuchomoa waya huo akidhani amezima, injini haitazimika kwa ufunguo, na vidole viko karibu na visu. Kosa letu liliharibu bobini. Kosa hilo jingine linaweza kumharibu mtu.

6. Baada ya hapo

Baba mdogo alirudi jioni. Hakupiga kelele. Alimwambia kijana: «Kesho kutwa usikuje.» Bei ya bobini ilizidi tulichopata juma zima, na mteja hakupaswa kuilipa. Mimi nilinyamaza, na kijana naye hakunitaja. Usiku huo sikupata usingizi mzuri.

Siku ya Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa baba mdogo. Nilimwambia kwamba neno la «ipatie moto» lilitoka kinywani mwangu. Kisha nikamwandikia juu ya kipande cha katoni sentensi tatu zenye «moto», kila moja na maana yake. Alisoma, akakaa kimya, halafu akasema: «Miye nilisema moto, ye alisikia moto. Sasa kosa iko ya nani?» Kijana alirudi kazini Jumanne. Mimi nililipa nusu ya bobini kutoka pesa nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya muhula, na bado sijaimaliza pengo hilo.

Katoni iko ukutani mpaka leo, na tumeirekebisha kwa pamoja. Hatukuleta istilahi kutoka kamusi, kwa sababu neno ambalo kinywa hakilijui halisaidii mtu mwenye spana mkononi. Tumegawanya tu yaliyopo. Volti zinazotoka batri ni «moto ya batri». Kinachoruka kwenye buji ni «cheche ya buji». Waya ukiwa wa joto ni «inachoma», si «iko na moto». Na ule waya wa bobini hauitwi tena wa kukata. Kijana mwenyewe ndiye aliyeupa jina: «nsinga ya kuziba kinywa». Bobini inasema yenyewe, alieleza, na ule waya unaiziba kinywa tu. Ukiutoa, bobini inasema. Maelezo hayo ni sahihi kuliko «kukata», na yanabashiri kipimo chenyewe: kama bobini iko kimya, kwanza ondoa mkono kinywani mwake, ndipo uamue kama ni bubu.

Hitimisho

Karakana moja haitoshi kutoa hukumu juu ya Kiswahili cha mafundi wa Lubumbashi. Ninachoweza kusema ni mambo matatu. Kwanza, lugha hiyo si takataka ya Kifaransa kama wengine wanavyodhani. Vitenzi vyake vinapanga hitilafu kwa usahihi unaopimika kwa multimeta. Pili, hatari haiko katika maneno ya kuazima. Fizibli na demarere hayajawahi kutupoteza, kwa kuwa kila moja lina kitu kimoja. Yaliyotupoteza ni maneno yetu ya nyumbani, moto na kukata, ambayo kila mtu anaamini anayajua na hakuna anayeuliza. Tatu, mwenye kurekebisha neno ni yule anayelitumia. Mimi nilileta uchambuzi, kijana alileta jina, na jina ndilo linalosemwa leo.

Wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka, nawaomba watembelee karakana za welda, wa friji na wa simu. Waende na daftari, wasikilize vitenzi kabla ya majina, na wakiambiwa «tia moto», waulize kwanza: moto gani?